Kama ulifuata video yangu ya kupunguza imeji, soma hii kabla ya kuzima mashine

Wasee, naanza na wale wachache ambao hii inawahusu moja kwa moja. Kama mwezi jana uliona ile video yangu ya sekunde 58, ukafungua kompyuta yako ndogo ya Linux, ukabadilisha ule mstari mmoja nilioonyesha na ukafurahia vile inawaka haraka, tafadhali usihamishe diski yake, usibadilishe mashine, usifanye kitu chochote cha ujanja kabla hujamaliza kusoma. Ikikaa vile iko, iko sawa. Shida ni siku utaigusa.

Wengine wote karibuni pia. Hii ni hadithi ya jinsi nilipata kitu cha maana, nikakitangaza kwa mbwembwe, halafu nikamwangusha mtu ambaye sijawahi hata kukutana naye.

Ilianzia hapa kwetu Majengo, Pumwani. Wale mnajua nyumba zetu za zamani mnajua: vyumba pande mbili, ukumbi katikati, kila mlango familia yake. Jioni huyu anakaanga, yule ana redio, mtoto wa tatu analia. Ukiwa Form Four na unataka kusoma, utasomea wapi? Kuna mwalimu mmoja mstaafu, sote tunamwita tu Mwalimu, ambaye aligeuza duka la marehemu mumewe kuwa chumba cha kusomea. Meza tatu, mabenchi, taa mbili. Na chini ya meza ya mwisho kuna kakompyuta kadogo ka ex-UK, saizi ya Biashara Street ya kamusi, mnanielewa, kale kanakaa kama kitabu kinene. Ram gigabaiti 2. Kalikuwa kwa ofisi fulani Uingereza, wakakachoka, kakaishia kwetu.

Kazi yake ni moja. Kanatoa Wi-Fi ya ndani, na watoto wakijiunga kwa simu wanapata Wikipedia ya Kiswahili na ya Kiingereza kupitia Kiwix, mitihani ya nyuma, na vitabu ambavyo Mwalimu amekusanya. Hakuna bando inayotumika hapo. Mimi ndiye fundi wa hiyo mashine, kwa malipo ya chai na mahamri, na sijawahi kulalamika.

Jumamosi moja jioni niliiapdeti. Ikalalamika kitu kuhusu nafasi, nikapita tu, si unajua vile tunapitanga maonyo. Nikaiwasha upya. Skrini nyeusi, maandishi mengi, na mstari wa mwisho ukisema kaneli imeshindwa kupata mfumo wa faili wa kuanzia. Kaneli ni kile kiini cha Linux kinachoongoza kila kitu kingine. Kiini kimeamka, lakini hakijui nyumba yake iko wapi. Watoto kumi na moja wameketi wakiniangalia. Mwalimu akaniuliza, "Kijana wangu, imekufa?" Nikasema, "La, Mwalimu, imepotea kidogo." Nilikuwa naongopa. Sikuwa najua.

Baada ya kama dakika arobaini ndio nilikumbuka kwamba menyu ya kuwashia huwa inaweka kaneli ya zamani pia. Nikaichagua, ikawaka. Watoto wakapiga makofi, mimi jasho mgongoni. Nikarudi nyumbani na swali moja kichwani: apdeti ya kawaida inauaje mashine ambayo haikuwa na shida yoyote?

Jibu liko kwa kitu kinaitwa initramfs. Wacha nieleze kwa njia yetu.

Unakumbuka sanduku la Form One? Lile la chuma, linagongwa pale Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, unalisikia ukipita hata kabla hujaliona. Siku ya kuripoti shule, kila kitu utakachotumia usiku wa kwanza kiko ndani ya sanduku. Blanketi, sabuni, kufuli. Baadaye utajua duka liko wapi, utajua nani wa kuazima kijiko. Lakini usiku wa kwanza ni sanduku tu. Sasa kompyuta ikiamka, kaneli iko hivyo hivyo. Diski yenye kila kitu iko pale, lakini ili kuisoma anahitaji draiva ya diski, na draiva imewekwa wapi? Ndani ya diski. Yaani ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba. Kwa hivyo anapewa sanduku dogo la kubeba mkononi, imeji moja iliyobanwa, yenye draiva na programu chache za kumfikisha kwa diski. Akishafika, sanduku linatupwa na maisha yanaendelea.

Ni wazo zuri. Shida ni nani anapakia.

Debian, ambayo ndiyo tunatumia, inapakia kama mamangu alivyonipakia. Kwa chaguo la kawaida inaweka draiva za karibu kila aina ya diski na mashine inayoweza kufikiria, kwa sababu haijui utaishia kwa mashine gani. Halafu kila programu unayosakinisha inaweza kuongeza yake. Nililifungua sanduku la mashine ya Mwalimu nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Kulikuwa na vifaa vya kuunganisha diski nyingi ziwe moja. Mashine ina diski moja. Kulikuwa na vya kufungua diski iliyofungwa kwa nywila. Haijafungwa. Kulikuwa na Plymouth, ile programu ya kuonyesha picha nzuri wakati kompyuta inawaka, pamoja na fonti zake na draiva za kadi za picha, kwa mashine ambayo haina hata skrini siku za kawaida. Kulikuwa na vifaa vya Btrfs, mfumo wa faili ambao hatutumii, na kila asubuhi mashine ilikuwa inazunguka kuutafuta.

Lakini iliyoniuma zaidi ni hii. Kila ikiwaka, mashine ilikuwa inasimama sekunde 30 bila kufanya lolote. Nilidhani ni uzee. Kumbe kuna mtu zamani aliondoa sehemu ya diski ya kumbukumbu ya ziada, ile ambayo kompyuta huilalia ikizimwa kwa muda, na hakuna aliyeiambia imeji. Kwa hivyo kila siku ilikuwa inaingoja. Nusu dakika, inaangalia mlango, halafu inakata tamaa na kuendelea. Sasa kumbukeni mtaa wetu. Stima ikipotea mara tatu jioni moja, hiyo ni dakika moja na nusu ya watoto kukaa wakingoja kitu ambacho hakipo.

Na ile apdeti? Hesabu ni rahisi. Aliyegawanya diski mwanzoni aliipa sehemu ya kuwashia megabaiti 128 tu. Kila sanduku lilikuwa na megabaiti 41, na kaneli yake kama 8. Kaneli mbili zinatoshea. Ya tatu ilipokuja, sanduku lake halikupata pa kuandikwa, na mashine ikajaribu kuwaka bila sanduku. Hiyo ndiyo ile skrini nyeusi.

Nikatoa. Nikaondoa zile programu, nikafuta ule mngojo wa sekunde 30, na kwenye faili ya mipangilio ya initramfs-tools nikabadilisha MODULES kutoka "most" kwenda "dep". Maana yake: usipakie kila kitu, pakia tu kile mashine hii inatumia sasa hivi. Imeji ikashuka kutoka megabaiti 41 hadi 13. Mashine ilikuwa inachukua karibu sekunde tisini kuwa tayari, ikaanza kuchukua chini ya arobaini. Msinicheke, nilikaa pale nikaiwasha na kuizima mara sita kwa raha tu.

Kabla sijafika kwa aibu yangu, wacha niseme kwa nini bado naamini katika hii kazi, maana kuna watu wataniambia megabaiti 28 ni nini siku hizi, nunua diski kubwa. Kwanza, nunua na pesa ya nani? Pili, nafasi ni sehemu ndogo ya hii maneno.

Mwaka 2024, tarehe 29 Machi, jamaa anaitwa Andres Freund alitangaza kwamba kuna mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili ambayo karibu kila Linux inayo. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameingia kwa mradi huo kama msaidizi, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, halafu akapenyeza sumu kwa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Lengo lake halikuwa xz yenyewe. Alikuwa anatafuta njia ya kufika kwa sshd, ule mlango ambao watu hutumia kuingia kwa seva wakiwa mbali. Na hapa ndipo mnisikize: sshd haihitaji xz. Haibani faili yoyote na xz. Lakini Debian, Fedora na wengine walikuwa wameiongezea sshd maktaba ya systemd ili iweze kusema neno moja tu, "niko tayari". Maktaba hiyo ya systemd nayo ilikuwa inabeba maktaba ya xz kwa kazi nyingine kabisa. Kwa hivyo ukialika wa kwanza kwa chai, wa pili anaingia nyuma yake na begi ambalo hakuna aliyelipekua.

Freund aligunduaje? Aliona kuingia kwa ssh kunachukua karibu nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde! Mimi nilikuwa nimeishi na sekunde 30 nikidhani ni uzee.

Na wenye systemd walikuwa tayari kwenye hii njia. Kwa toleo la 256, lililotoka Juni 2024, maktaba kadhaa kama hiyo ya xz ziliachwa kubebwa kila wakati. Sasa zinaitwa pale tu kazi yake inapotokea, kwa hivyo mtu anayetengeneza imeji ndogo anaweza kuziacha nje kabisa. Yaani kuna watu wakubwa wanaolipwa kwa hii kazi na wanafanya kile nilifanya chini ya meza ya Mwalimu, isipokuwa wao wanajua wanachofanya.

Sasa, aibu.

Nilitengeneza video. Mnaifahamu: sanduku la chuma nimeliazima kwa jirani, naitoa blanketi moja baada ya nyingine, megabaiti zinashuka kwa skrini. Ilivuma, kwa kiwango changu. Ya kwanza niliyorekodi ilikuwa na sekunde 67. Kulikuwa na kipande cha sekunde tisa ambapo nasema: "dep inafanya kazi kwa mashine hii tu na diski vile ilivyounganishwa sasa, kabla ya kuhamisha chochote, rudisha most." Nikakiangalia nikasema hiki kinachosha, kinapunguza kasi, watu watatoka. Nikakikata.

Wiki mbili baadaye nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa jamaa mwenye cyber Dandora. Hakutukana, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Alisema, "Kaka, nilifuata video yako, ikashika vizuri sana. Juzi mashine ilichomwa na stima. Diski ni nzima. Nimeitoa nikaiweka kwa kasha la USB, nikaichomeka kwa mashine ingine, na inaniambia diski haipo. Na iko hapa mkononi, naishika. Kazi za wateja ziko ndani." Kisha akatuma picha. Skrini nyeusi, ilani kwamba imechoka kungoja diski, na chini kabisa neno initramfs kwenye mabano, na kale kamstari kanakopepesa kakingoja uandike kitu.

Niliijua hiyo skrini kabla sijamaliza kuiangalia. Diski yake ilikuwa imezoea kuunganishwa ndani kwa SATA. Aliposema "pakia tu ninachotumia sasa", Debian ilipakia draiva ya SATA na ikaacha ya diski za USB, kwa sababu siku hiyo haikuwa na kazi. Diski ilikuwa nzima, faili zote zilikuwa nzima, na kaneli ilikuwa imesimama nje ya nyumba na ufunguo wa mlango mwingine. Kwa mpangilio ule wa mama, wa kupakia kila kitu "pengine utahitaji", ingewaka bila shida. Zile draiva nilizokuwa nacheka kwa video zilikuwa zimewekwa hapo na mtu aliyefikiria kuhusu siku ya mashine kuchomwa na stima.

Nilipanda matatu Jumapili asubuhi. Ningeweza kumwelekeza kwa simu, na nilijaribu, lakini niliona nitamfanya aharibu zaidi. Nilienda na fleshi yenye Debian, nikawasha mashine kwa hiyo fleshi, nikaingia kwa diski yake, nikarudisha "most", nikatengeneza imeji upya. Lisaa limoja na nusu, nusu yake ikiwa nikitafuta waya. Ikawaka. Faili zote zipo. Alinipa soda na akakataa katakata kuongea juu ya makosa. Alisema tu, "Si ungesema hiyo sehemu, bro." Nikamwambia nilisema. Nilisema halafu nikakata.

Nikiwa kwa matatu kurudi nilifikiria kitu kingine, na sitaki kukiruka kwa sababu nimewauzia nyinyi kwa mwaka mzima. Kwa wasifu wangu hapo juu palikuwa pameandikwa: "Digrii ni kitegemezi kisichohitajika." Wengi wenu mliipenda. Kuna mmoja aliichapisha kwa fulana. Nimeitoa jana.

Ukweli ni kwamba mimi sikuamua kuacha chuo. Karo ilibaki, mathe aliuza alichoweza Gikomba, msimu ukawa mbaya, na siku moja jina langu halikuwa kwa orodha ya kufanya mtihani. Mwaka wa pili, muhula wa pili. Baada ya hapo nikaona ni rahisi kusema nilikata mwenyewe. Inapendeza kwa video. Na hii yote niliyowaeleza hapa, kaneli, sanduku, ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba, sikuitoa kwa hewa. Nilifundishwa mwaka huo wa pili, kwa somo la mifumo ya uendeshaji, na mhadhiri aliyekuwa anachora masanduku ubaoni na chaki hadi mkono unakuwa mweupe. Mfano wa Kamukunji ni wangu. Masanduku ni yake.

Sisemi kila mtu aende chuo. Nasema mimi sikuwa na haki ya kuwaambia mkate kitu ambacho mimi mwenyewe nilikipoteza na bado nakitumia.

Haya, turudi kwa mashine. Kwa wale mlibadilisha kwenda "dep", hamjakosea, msirudi nyuma kwa woga. Fanyeni hivi: acheni imeji ndogo iwe ya kila siku, lakini tengenezeni ya pili kubwa, ya "most", iwekwe kando kwa menyu ya kuwashia kama chaguo la dharura. Kwa Mwalimu nimeweka zote mbili: 13 na 41 na kaneli moja ya 8, jumla 62, na kwa ile sehemu yake ya megabaiti 128 bado kuna hewa. Kaneli za zamani nimefuta, nimebakisha hii moja, na kabla ya apdeti inayofuata itabidi niangalie nafasi kwanza, sio kupita maonyo. Na mkitoa kitu kwa sanduku, andikeni mahali mmetoa nini na kwa nini. Mimi nimeandika kwa karatasi na nikaibandika chini ya kale kakompyuta kwa selotepu, kwa Kiswahili, ili hata nikihamia kwingine kuna mtu atasoma.

Kitu kimoja zaidi kwa wanaopenda historia. Kale kamstari kanakopepesa kwa ile skrini nyeusi, kale kalimtisha jamaa wa Dandora, mara nyingi ni BusyBox. Bruce Perens alianza kuiandika mwaka 1995 ili vifaa vya kusakinisha Debian vitoshee kwa flopi moja. Flopi, megabaiti 1.44. Aliminya amri nyingi ziwe programu moja ndogo, na mpaka leo ndiyo inakaa ndani ya sanduku kukusaidia mambo yakiharibika. Huyo jamaa alipunguza kuliko sisi wote, na bado alikuachia mahali pa kuandika.

Video mpya iko tayari. Ina dakika nne na sekunde kumi, na zile sekunde tisa ziko mwanzoni. Ile ya zamani nimeishusha. Mwalimu ameiona mpya kwa simu yake, akaniuliza kwa nini ninaongea haraka hivyo, halafu akaniuliza kama naweza kuja Alhamisi, kuna kijana wa Form Three anataka kujua ndani ya kale kakompyuta kuna nini. Nimemwambia nitakuja na bisibisi.